Delamere dakika kumi

Kila nikipanda matatu ya Nakuru lazima tusimame Naivasha pale Delamere, watu wachote yogati na maziwa lala wakimbilie choo, na sijawahi kujiuliza huyo Delamere ni nani hadi Jumamosi iliyopita. Mzee niliyekaa naye akaniuliza, "Kijana, unajua unakunywa maziwa ya nani?" Nikacheka tu.

Tulipopita Gilgil ziwa Elmenteita likatokea kushoto, na nyuma yake kile kilima kama mtu amelala chali, paji la uso, pua, kidevu, kila kitu. Mzee akasema Wamaasai wanamwona morani aliyelala, lakini wazungu wakaita pua ya Delamere, yaani Lord Delamere, setla Mwingereza wa enzi za ukoloni. Sasa hebu fikiria, kilima kizima kigeuzwe pua ya mtu mmoja!

Na shamba lake Soysambu liko hapo hapo, ndiko alikozikwa 1931, na sanamu yake iliyokuwa Nairobi iling'olewa 1963 ikaletwa huku. Barabara ambako sanamu hiyo ilikuwa imesimama, yenyewe iliitwa jina lake, leo ni Kenyatta Avenue.

Mimi nilikuwa naenda Njoro, nikabadilisha gari Nakuru, gari bovu kweli, tairi ikapasuka njiani tukakaa kama saa moja kando ya shamba la ngano. Nikashika simu nikaanza kusoma. Kumbe Njoro ndiko alianzia, 1903 akapewa ekari laki moja kwa kukodisha miaka 99, na mwaka uliofuata Wamaasai wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa wapelekwe Laikipia, halafu huko nako wakatolewa kusukumwa kusini. Akaleta kondoo, wakaanza kufa, nyasi ni nzuri kuangalia lakini udongo hauna madini, ndio maana Wamaasai hawakuwa wanapenda kulisha hapo. Si angewauliza tu! Ng'ombe nao wakapata magonjwa, akageukia ngano, ngano ikaliwa na kutu, ugonjwa wa ukungu, mpaka akaajiri mtaalamu atafute mbegu inayostahimili. Hapo namheshimu kidogo, jamaa alikuwa mkaidi. Lakini ukaidi huo huo ndio alioingia nao baraza la kutunga sheria 1907, akawa kiongozi wa masetla akidai wao ndio waendeshe nchi.

Nilikwanyua suke moja la ngano nikalisugua mkononi, punje ngumu tamu, dereva akapiga honi.

Jioni narudi Nairobi, kondakta anapiga kelele, "Delamere, dakika kumi!" Nikashuka, nikanunua lala tena.