Unagusa seli moja Excel inashika kibao? Angalia chini kushoto kwanza

Mtu akiniambia "Excel yangu imepagawa, nagusa seli moja inashika ishirini", mi swali langu la kwanza ni pale chini kabisa kushoto pameandikwa nini. Wengi hata hawajui kama huwa pameandikwa kitu. Ule mstari mwembamba wa chini kwa kawaida unasema Ready tu, ndo maana macho yameshazoea kuuruka, sasa siku ukikuta pameandikwa Extend Selection basi jua mausi yako haina shida yoyote, kuna mkono umepitia kitufe cha F8.

F8 inaifanya Excel ijione kama umeshikilia Shift muda wote. Tuseme umesimama B2, F8 ikaguswa, halafu unakliki D10 utie namba. Haiendi D10 peke yake, inapaka kuanzia B2 mpaka D10, seli 27 zote, na inayosubiri kuandikwa bado ni B2 ileile. Kwa hiyo ukichapa tu bila kuangalia namba inakalia kile kilichokuwa B2, na ukibonyeza Delete kwa hasira ndo zimefutika zote 27, hapo kimbilia Ctrl+Z haraka zirudi. Kutoka ni rahisi mno, bonyeza Esc au F8 tena, kisha kliki popote. Kwenye laptopu nyingi hiyo F8 imebebeshwa na kazi nyingine, sauti au mwanga kutegemea mtengenezaji, ndo maana watu wanaiangukia hovyo. Halafu kuna pacha wake Shift+F8, huyo anaongeza seli za hapa na pale kila ukikliki, dawa yake Esc hiyohiyo.

Kama pale chini hapaoneshi chochote, kliki kulia kwenye huo mstari uweke tiki kwenye Selection Mode na Scroll Lock. Hiyo Scroll Lock ni kitufe cha tangu kibodi ya IBM PC ya 1981 na bado kinasumbua watu, kikiwaka ukibonyeza mishale shiti nzima inateleza ila seli uliyosimama haihami. Laptopu yako haina hicho kitufe? Kwenye Windows bonyeza Windows+Ctrl+O, kibodi itatokea kwenye skrini, kliki ScrLk imeisha.

Sasa kama pameandikwa Ready tu na bado inashika seli za jirani, fungua programu nyingine yoyote ya kuandikia ukliki kwenye maandishi. Huko nako yakijichagua yenyewe, achana na Excel, shida ni Shift iliyonasa au Sticky Keys (inayoifanya Shift ibaki kama imeshikiliwa hata ukiiachia, hii inakuja ukigonga Shift mara 5 mfululizo na watu wanakubali tu bila kusoma) au ClickLock kwenye mipangilio ya mausi, inayofanya kliki ibaki kama bado umeibonyeza. Huko kukiwa shwari, shika Ctrl uzungushe gurudumu la mausi, punguza zumu kisha irudishe. Najua inasikika kama ushirikina lakini inafanya kazi mara nyingi kuliko kusanidua programu na kuiweka upya, ambako ndo watu wanakimbilia kwanza, sijui kwa nini.

Na ukiburuta kwenye safu moja ikafika sehemu ghafla inatanuka kushika safu tano, hapo kuna seli zilizounganishwa, kawaida ni kile kichwa cha ripoti alichokipamba mtu. Mimi hizo siziungi mkono kabisa. Tenganisha, chagua seli za hicho kichwa, Ctrl+1, nenda Alignment, kwenye Horizontal weka Center Across Selection. Kichwa kinakaa katikati vilevile na safu zinashikika moja moja.