Nililipa deni la kadi, deni likabaki palepale

Simu yangu ilizama mwaloni Kibirizi, pale boti zinapofungwa hapa Kigoma, asubuhi moja ya mwezi wa tatu, nikiwa nimeinama kufunga kamba ya boti. Ilichomoka mfuko wa shati, ikagonga ukingo, ikaingia majini. Maji ya Ziwa Tanganyika yakitulia ni maangavu, kwa hiyo niliiona ikishuka huku taa yake inawaka. Kijana wangu wa boti alijirusha akaitoa. Tukaifukia kwenye mchele siku mbili. Mchele tuliupika, simu haikuwaka.

Nikaenda kurudisha laini. Nikaweka kidole, na haikuchukua muda nikawa hewani tena na namba yangu ileile, kwenye simu ya kuazima kutoka kwa mpwa wangu. Nikajua yamekwisha.

Mimi kazi yangu ni kusafirisha watu kwa boti: watafiti, watalii wa hifadhi ya Gombe, mara nyingine familia zenye msiba vijiji vya huko kaskazini. Vipuri vya injini havipatikani vyote hapa Kigoma, ndiyo maana nilichukua kadi ya mkopo benki, niwe naagiza Dar. Wengi wanaichanganya na kadi ya kutolea pesa kwenye mashine. Ile inakula pesa yako. Hii inakula pesa ya benki, kisha kila mwezi hesabu inafungwa na unapewa siku za kulipa. Yangu hufungwa tarehe 25, mwisho wa kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukilipa yote kabla ya hapo, manunuzi hayana riba. Ukilipa kile kiwango cha chini tu, kilichobaki kinatozwa riba, na ukipitisha tarehe kuna faini juu yake. Mimi hulipa yote tarehe 10, kwa simu, na sijawahi kuchelewa.

Tarehe 10 mwezi wa nne nilikuwa mwaloni. Programu ya benki kwenye simu ya kuazima ilikuwa imenikatalia paswedi mara tatu, ikajifunga. Sikujali, kwa sababu kulipa hakuhitaji programu: unaingia kwenye pesa ya simu, unachagua benki, unaweka namba ya kadi na kiasi. Namba niliyokuwa nimeihifadhi ilizama na simu, na kadi yenyewe ilikuwa nyumbani, mtaa wa Mwanga. Nikampigia mke wangu, ana daftari lake la mambo ya nyumba.

"Mama Zawadi, hebu nisomee namba ya kadi."

Akanisomea tarakimu 16, taratibu, nne nne. Jina likatokea kwenye kioo, langu kabisa, herufi kwa herufi. Nikabonyeza 1, zikaenda 412,000. Mwezi wa tano nikafanya vilevile, safari hiyo 96,000, nikiichukua namba kwenye meseji ya mwezi uliopita.

Baada ya hapo impela ya pampu ya maji, kile kigurudumu kinachosukuma maji ya kupoza injini, ikakatika mbawa, injini ikawa inachemka kabla hata hatujaiacha Kibirizi. Nilikuwa na wageni wa Gombe keshokutwa. Nikaagiza duka moja la Dar, nikampa mwenye duka malipo ya kadi, akanipigia: "Kaka, imekataliwa."

Nikapiga huduma kwa wateja ya benki. Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima, na kosa lilikuwa langu pia. Nilikuwa nasimulia mambo mawili kwa pumzi moja: programu imejifunga, na kadi imekataliwa ilhali nimelipa. Kila aliyepokea alidaka neno la kwanza, programu, akaanza kunituma namba za uthibitisho. Namba hazifiki. "Jaribu baada ya saa 24." Najaribu, nakuta mtu mwingine, naanza upya tangu simu kuzama. Mmoja aliniuliza muamala wangu wa mwisho ni upi ili ajue kama ni mimi kweli. Nikamtajia ile 96,000. Akasema hauonekani, akawa na wasiwasi na mimi, akaniambia nifike tawini na kitambulisho.

Tawini nilimkuta dada mmoja ambaye, Mungu ampe maisha marefu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, laini hii umeirudisha lini?"

Hilo swali hakuna aliyekuwa ameniuliza. Akanieleza kwamba mfumo wao unatambua laini mpya chini ya namba ya zamani, na ukishaitambua unasitisha kutuma namba za uthibitisho mpaka mteja aonekane kwa sura. Wezi ndivyo wafanyavyo: wanarudisha laini yako kwa hila, meseji zote za benki zinaingia kwao, unaamka huna kitu. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu, lakini hapo sikuwa na la kusema. Nikajaza fomu, nikatoa kitambulisho cha NIDA, nikaweka paswedi mpya. Programu ikafunguka.

Deni nikalikuta pale pale. Ile 412,000 na ile 96,000 zimekaa kama zilivyo, na juu yake faini na riba. Malipo yangu yote mawili hayapo.

Dada akaomba aone meseji ya malipo. Akachukua kalamu, akaweka kadi yangu kando ya simu, akawa anaigusa tarakimu moja moja kwa ncha ya kalamu, huku na kule, huku na kule. Kalamu ikasimama kwenye ya tisa. "Baba, hii namba siyo ya kadi hii."

Ilikuwa namba ya kadi iliyonipotea kwenye treni nikitoka Tabora, nikapewa nyingine yenye namba mpya. Daftari la mke wangu halikupata habari. Na jina lilitokea langu kwa sababu kadi ile, hata baada ya kufungwa, bado imo kwenye kumbukumbu zao kwa jina langu. Pesa ilifika benki, ikakosa kadi hai ya kutua, ikawekwa kwenye akaunti ya kusubiria pamoja na pesa nyingine zisizo na kwao. Kuitoa huko si kazi ya tawi, ni kitengo cha kadi Dar, nao wanataka ushahidi.

Nikaenda ofisi ya kampuni ya simu, wakanichapia taarifa ya miamala ya miezi mitatu na kuigonga muhuri. Safari hii barua pepe yangu ilikuwa na jambo moja tu. Programu sikuitaja, simu iliyozama sikuitaja:

"Nimelipa mara mbili kwenye kadi yangu ya zamani iliyofungwa. Naomba fedha zihamishiwe kadi mpya kwa tarehe nilizolipa, na faini na riba viondolewe."

Chini yake tarehe, kiasi, namba za miamala, na tarakimu nne za mwisho za kila kadi. Nne tu, namba nzima haina haja ya kutembea kwenye barua. Wakanijibu na namba ya lalamiko. Sikuwa na karatasi, nikaiandika kwa kalamu ya wino ubavuni mwa tangi la mafuta, na ipo mpaka leo.

Siku ya nne nikapigiwa na mtu anayejiita wa benki. Ananiita kwa jina, anaongea kwa upole kabisa, anataka nimsomee namba iliyoingia kwenye simu ili "tufungue malipo yako". Nikakata. Ikafuata meseji, nikaituma kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli. Jinsi nilivyokuwa nimechoka, angenipata wiki moja nyuma ningemsomea.

Siku tisa kimya. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, kuna kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Ukishalalamika kwa benki yako usiridhike, unaenda Benki Kuu." Tawi la Benki Kuu la karibu nasi liko Mwanza, na sikuwa na nia ya kusafiri. Nikawaandikia tena nikitaja namba ya lalamiko, na kwamba nikikosa jibu nitalipeleka Benki Kuu. Kesho yake jioni pesa ikaonekana kwenye kadi, kwa tarehe zilezile nilizolipa. Faini ikafutwa, riba ikarudishwa isipokuwa 3,140 ambayo sikuelewa hesabu yake. Nikaiacha.

Impela nilikuwa nimeshaipata. Shemeji yangu aliinunua Kariakoo kwa pesa taslimu akaipakia kwenye basi. Wageni wa Gombe walikwenda kwa boti ya jirani, na hela yao ikaenda naye.

Nyumbani nikamwambia mke wangu daftari lake limenigharimu. Akalifungua, akaikata ile namba kwa mistari miwili, akanisogezea kalamu.

"Daftari halikukosea, Baba Zawadi. Wewe hukuniambia kama umebadilisha kadi. Haya, andika."