Korosho Alipokataa Kizimba

Mbwa yule nilimrithi. Mwaka 2016, shughuli za kutafuta gesi zilipopoa Mtwara, wageni wengi walifunga mizigo, na bosi niliyekuwa nikimwendesha akawa mmoja wao. Aliniachia feni, mabuti ya mvua yaliyonizidi namba mbili, na Korosho.

Jina alilitoa yeye. Alimwokota ufukweni Shangani akiwa kitoto, kafungwa kamba kwenye mtumbwi mbovu, ana ukurutu mwili mzima. Manyoya yalipoota upya yakatoka rangi ya korosho iliyokaangwa, basi jina likawa hilo. Mgeni hakujua anatuachia mzaha gani. Sisi tunakaa Naliendele, jirani zetu wote wana mikorosho, na mimi kila jioni nasimama njiani napaza sauti, "Korosho! Korosho, njoo!" Watu walicheka mpaka wakachoka.

Alikuja na kizimba chake. Kilikuwa cha plastiki ngumu, chenye matundu ubavuni na mlango wa wavu wa chuma, kama vile vya kusafirishia mbwa kwa ndege. Jirani mmoja aliuliza kama nimeanza kufuga sungura. Kwetu kizimba ni cha kuku, au ni kile cha mahakamani, kwa hiyo mbwa wa kulala kizimbani aliwapa watu maneno. Bosi alikuwa na sheria zake, nikazikariri kama alama za barabarani: mbwa asisukumwe, aingie mwenyewe, chakula cha jioni apewe humohumo, mchana mlango uachwe wazi, na kizimba kisigeuzwe adhabu hata siku moja. "Hiki ni chumba chake," aliniambia. "Si jela."

Nilikiweka kwenye stoo ya uani. Ndani ya nyumba isingewezekana. Mama yangu ni mtu wa swala tano, na ingawa mbwa mwenyewe hakumchukia, mate yake hakutaka yafike karibu na kanga zake. Walikuwa na mkataba wao usioandikwa: mama baraza, Korosho uani, na mpaka wao ulikuwa ndoo ya maji.

Miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa mtu wa kujisifu. Saa tatu usiku nikisema "kwako", Korosho anaingia, anajizungusha mara mbili, anajitupa puu, anashusha pumzi ndefu kama mzee aliyetoka shamba. Nilikuwa naita watu waje waone.

Mwishoni mwa Mei mjomba akaleta salfa yake, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Ana mikorosho 160, na hesabu yake ni robo kilo kwa kila mti, raundi tano, kwa hiyo ilikuwa mifuko minane ya kilo 25. Kwake hakuna mlango wa maana, na salfa msimu ule ilikuwa mali ya kulindwa. "Mpwa wangu," aliniambia, "wewe una stoo, tena una mbwa." Tukaipanga ukutani, tukaifunika turubai, na mashine ya kupulizia tukaiweka pembeni. Niliona tumefanya jambo la akili.

Sikumbuki siku hasa Korosho alipoanza kubadilika. Ilianza kwa kuchelewa. Nikisema "kwako" anafika mlangoni mwa stoo, anasimama, ananitazama. Baadaye akawa anaingia akila haraka na kutoka. Katikati ya Juni akahamia chini ya gari, analala kwenye umande wakati blanketi lake liko ndani. Akawa anajisugua uso kwa makucha, anapiga chafya, macho yanamtoka majimaji. Nikimkaribia usiku ananguruma kidogo, ile sauti ya tumboni ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilikuwa na maelezo tayari, maana dereva hakosi maelezo. Nikasema anamkumbuka bosi. Kisha nikasikia kwa mwenzangu mmoja kwamba mbwa wa kuokotwa hukaa miezi mitatu bila kuonyesha tabia yake, akishazoea ndipo anajitoa mwenyewe. Hilo nililipenda sana, kwa sababu liliniondoa mimi kwenye kesi. Nikaamua kuwa amedeka. Siku alipofukuza kuku wa jirani nikamkokota kwa ukosi, nikamfungia mchana kutwa. Kesho yake nikamsukuma ndani usiku na kutia komeo. Akakwaruza wavu mpaka nikalala. Zile sheria nilizozikariri nilizivunja zote ndani ya wiki moja, na sikuona kama nimevunja kitu.

Asubuhi ya tatu nikamkuta kizimba kizima kimelowa mkojo na mate yanamning'inia mdomoni. Nilipofungua akapita katikati ya miguu yangu kama risasi. Jioni nilipomrudisha, nikimsukuma kwa mkono wa kulia, akageuka akaning'ata. Aliponiachia alijikunyata ukutani akitetemeka, mkia kaubana, na mimi damu inanitoka katikati ya kidole gumba na cha shahada.

Huku kwetu mbwa akibadilika tabia, akatoa mate, kisha akauma mtu, hakuna anayeuliza la pili. Ni kichaa cha mbwa. Nilikuwa bado bombani nasugua jeraha kwa sabuni, dakika kumi na tano kwa saa ya simu, uani kumeshajaa watu. Wawili walikuwa na marungu. Mwenyekiti wa mtaa alifika, akaketi kwenye kigoda, na Korosho, aliyekuwa amefungwa kamba kwenye mwembe, akasomewa mashtaka. Sasa ndiyo alikuwa kizimbani kweli. Siwalaumu wale watu. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba, na mwenye mtoto mdogo hawezi kubahatisha.

Kilichomwokoa ni kadi. Bosi alimchanja Septemba ya mwaka uliotangulia, na kadi ilikuwa kwenye bahasha moja na hati ya feni. Mwenyekiti akaisoma pande zote mbili, akasema marungu yasubiri, aitwe bwana mifugo.

Usiku uleule nikaenda hospitali ya Ligula nikachomwa sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa. Kadi ya mbwa haikunizuia, na bwana mifugo alipokuja asubuhi aliniambia nimefanya sawa, nimalize sindano zote. Alimtazama Korosho kwa mbali kwa muda mrefu. Akamwekea maji, Korosho akanywa. Akamrushia kichwa cha samaki, kikatafunwa. Akaagiza afungwe palepale mwembeni siku 10, chakula na maji asikose, watoto wasimsogelee. Angekuwa na kichaa siku alipouma, ndani ya siku hizo angekuwa ameshaonyesha au amekufa.

"Akiwa hapa nje anakuwaje?" akaniuliza.

"Hapa ametulia."

"Na huko stoo?"

"Huko ndiko anakobadilika."

Akaandika kwenye daftari lake. "Mbwa mwenye kichaa hachagui chumba," akasema, akapanda pikipiki yake akaondoka.

Maneno yale yalinikaa. Nilizunguka stoo nikitafuta nyoka, nge, siafu, hata panya aliyekufa. Nilikitoa kizimba nikakigeuza juu chini. Sikuona kitu. Mfuko mmoja wa salfa ulikuwa mdomo wazi na sakafu ina unga wa njano, lakini huo nilikuwa nauona kila siku, na kitu unachokiona kila siku hukioni.

Siku ya nne nilimkuta mama barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkono?"

"Unapona. Tatizo ni stoo, mama. Sijui mle kuna nini."

Akaendelea kuchambua. "Unga wangu wa muhogo uko wapi?"

"Si uko jikoni?"

"Zamani ulikuwa wapi?"

Ulikuwa stoo. Nilikuwa nimeuona umehamia jikoni tangu mwanzoni mwa Juni na sikujiuliza.

"Mimi na pua yangu hii ya kizee salfa inanitoa machozi," mama akasema. "Yule mwenye pua ya mbwa unamfungia nayo usiku kucha. Halafu mjomba wako saa kumi alfajiri anakuja kujaza mashine mlemle. Anamimina, unga unatimka, anaiwasha kuijaribu mlangoni. Mbwa yuko ndani, komeo umetia wewe. Angefanyaje?"

Mashine ile mimi niliisikia kila alfajiri. Salfa hupulizwa umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike, ndiyo dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, na mwezi wa sita Naliendele nzima hulala na kuamka na mngurumo huo. Niliusikia, nikageuka upande wa pili nikalala. Wapuliziaji wenyewe hujifunga vitambaa puani, maana unga ule ukikutana na unyevu wa jicho unachoma. Korosho hakuwa na kitambaa.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mbwa ni wako, mimi hata kumshika simshiki."

Siku 10 zikaisha Korosho mzima. Mwenyekiti alipita mwenyewe kumwona, akamwita kwa jina, akacheka, kesi ikafutwa. Mjomba niliposema naye hakuamini hata chembe. Salfa ni dawa, alisema, mbwa wako ana mapepe. Lakini mifuko aliihamisha.

Nilidhani kazi imekwisha. Nikakiosha kizimba kwa sabuni mara tatu, nikakianika juani siku mbili, nikakiweka upenuni mbali na stoo, blanketi jipya ndani. "Kwako," nikasema. Korosho akaenda akajificha nyuma ya mwembe. Salfa ilikuwa imeondoka, ila mkono uliomsukuma ulikuwa uleule, na bandeji juu.

Nikaung'oa mlango wa wavu. Nikaacha kabisa kusema "kwako". Kila jioni nilikuwa napita nikiangusha dagaa watatu karibu na kizimba bila kumtazama, kisha mlangoni, kisha ndani kidogo. Akawa anakula wale wa nje, wa ndani wanaliwa na kuku. Wiki mbili kuku walinenepa. Wiki ya tatu akaanza kuingiza shingo, miguu ya nyuma kaikita nje kama mtu anayechungulia kisima. Mimi niko barazani najifanya naangalia simu.

Alfajiri moja mwishoni mwa Agosti nilitoka kuwasha gari. Nusu ya Korosho ilikuwa ndani ya kizimba, makalio na mkia viko nje kwenye mchanga, anakoroma. Mama alikuwa anatia udhu pembeni ya ndoo yao ya mpakani. Akaweka kidole mdomoni.

Gari nililisukuma mpaka njiani ndipo nikaliwasha. Ule mlango wa wavu sikuurudisha. Mama aliuosha kwa mchanga na maji, akaulaza juu ya matofali manne, na mpaka leo anaanikia dagaa.