Mvua ya Kakamega, chumbani Ngara

Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, Ngara, Nairobi, dirisha likitazama barabara. Saa nane usiku makanga bado anapiga bodi ya matatu akiita abiria, sijui abiria gani. Muhula uliopita nilikuwa nalala darasani, tena kiti cha mbele.

Kilichoniokoa ni mvua. Likizo ya Aprili, nikiwa kwa nyanya Kakamega, niliweka simu juu ya kabati nikarekodi mvua ikipiga mabati, dakika 40 na kitu. Dakika ya 31 kuna jogoo. Alinigutusha siku mbili, nikamkata kwenye rekodi.

Nilivyoelewa, kinachotuamsha mara nyingi si kelele yenyewe, ni tofauti: kimya, halafu honi ghafla. Mvua ya mfululizo hupunguza tofauti hiyo, honi inazama humo humo. Feni hufanya kazi ileile.

Nilianza na vipokea sauti vya masikioni. Nikaamka sikio linauma na simu imezima. Sasa natumia spika ndogo, iko dirishani, mbali na kichwa, sauti ya chini.

Mwenzangu wa chumba alivumilia wiki moja. “Bro, hii mvua yako inanipeleka choo.” Na choo kiko mwisho wa korido, taa imeungua. Tukakubaliana: Jumatatu hadi Alhamisi mvua, wikendi feni yake.

Ila nikinywa kahawa saa nne usiku, hata gharika hainilazi. Kafeini hukaa mwilini masaa mengi. Jana nilimsikiliza makanga mpaka alfajiri.