Kofia iliyozaa jina la shirika

Leo baada ya misa ya asubuhi swali limerudi tena pale nje ya kanisa: ile "OFMCap" mwishoni mwa jina la padre ni nini?

OFM ni kifupi cha Kilatini cha Ndugu Wadogo, jina ambalo Mtakatifu Fransisko wa Asizi mwenyewe aliwachagulia watawa wake.

Cap ni Wakapuchini, tawi la watawa hao. Na utamu uko hapa.

Mwaka 1525, Matteo da Bascio, Mfransisko wa Italia, aliamua kuvaa kama Fransisko: kanzu ya kitambaa kigumu na kofia ndefu yenye ncha, iliyoshonwa moja kwa moja kwenye kanzu, bila kile kipande cha mabegani.

Kofia hiyo kwa Kiitaliano ni cappuccio. Mapokeo yanasema watoto waliwaona Matteo na wenzake njiani wakapaza sauti: "Scappuccini!"

Papa Klementi VII aliwapa idhini tarehe 3 Julai 1528. Jina la watoto likabaki. Kila nikiliwaza, moyo unachangamka.

Wengi hudhani jina lilitoka kwenye kahawa ya cappuccino. Hapana, kahawa ndiyo iliyofuata, kwa sababu ya rangi ya kanzu yao.

Parokiani kwenu wanahudumu watawa wa shirika gani? Jina lao lina maana gani?