Gunia la kahawa

Redio ilipotaja MV Bukoba asubuhi hii, ile meli iliyozama Ziwa Victoria, niliacha chai ikapoa. Kila tarehe 21 Mei ni hivyo. Wengine wanakumbuka meli, mimi namkumbuka bibi na gunia lake la kahawa.

Jumapili iliyofuata ajali, mwaka 1996, ilikuwa Pentekoste, ila hakuna aliyevaa nguo ya sikukuu. Huko Mwanza maiti walikuwa bado wanaopolewa, na kwetu kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyepandia Bukoba au Kemondo. Mwinjilisti aliacha somo la siku, akafungua Luka 13, wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine, kisha anajibu, "Sivyo." Wafiwa walilihitaji sana neno hilo, lakini mwinjilisti alilipita mbio. Alikotua ni hapa: "Msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Akarudia, kidole kikituzungukia safu kwa safu. Hukumu haipigi hodi, akasema.

Ndipo akasimama jirani yetu wa kibanja cha chini. Koti alilovaa lilimpwaya, mikono yake imefunika vidole. Alipofika mbele akageuka, akamtazama bibi.

"Mama, ile kahawa yako niliichukua mimi. Gunia zima. Nililipitisha usiku nyuma ya migomba, nikaliuza."

Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Wanawake wa uamsho wakaupokea ungamo kwa wimbo, watu wakamkumbatia, wengine wanalia. Bibi alikuwa anafungua fundo la khanga atoe sadaka. Vidole vikagoma palepale. Akasema kwa Kihaya, polepole, "Na yule mtoto?" Wimbo ukammeza. Nadhani ni mimi tu niliyesikia.

Yule mtoto ni kijana wa Karagwe aliyetuchungia ng'ombe. Kahawa ilipopotea, wajomba walimpiga fimbo, wakamfukuza bila mshahara. Bibi alikuwepo, hakuwazuia.

Msimu ulipofika jirani akalipa gunia, tena lililoshindiliwa. Bibi akamsamehe mbele ya wazee. Akaandikisha barua kwenda Karagwe, hazikujibiwa.

Mwinjilisti akaja kumpongeza: mbinguni kuna furaha kwa mwenye dhambi mmoja atubuye.

"Huyo ametubu, ameimbiwa," bibi akamjibu. "Mimi nitatubu kwa nani? Aliyekosewa sijui analala wapi."

"Kwa Mungu, Mama. Anatosha."

"Anatosha. Lakini fimbo hakupigwa yeye."

"Alipigwa, Mama."

Bibi akanyamaza. Mpaka leo siku nyingine naona mwinjilisti alishinda mazungumzo yale, siku nyingine naona alikwepa swali.

Sijui pia toba ya kuogopa kuzama ina uzito gani. Ya jirani yetu ilimdumu. Alifanywa mzee wa kanisa, na alikuwa mzee mzuri, tumwache na haki yake. Nimeona toba za machozi matamu ambazo hazikufika Pasaka.

Lile gunia la malipo bibi aliliuza, fedha akamtengea yule kijana. Zilikaa mpaka mjomba wangu mmoja alipozikopa anunue mabati. Fimbo ya kwanza ilikuwa yake. Jumapili ile alikaa safu ya mbele, akaimba kwa nguvu kuliko sisi sote.