Sarafu ya pili

Juzi usiku umeme ulikatika, na wa mtaani kwetu ukikatika haurudi mapema. Binti yangu mdogo, yule wa maswali, akaifumua redio mbovu ya marehemu bibi yake kwa mwanga wa simu, akatoa sumaku ya spika. Basi hapo hakuna kilichosalimika. Vijiko, bawaba, vibanio vya nywele vya mama yake, kila kitu kilijaribiwa kama kinanasa. Alipolifikia kopo langu la misumari na betri zilizokufa, akarudi na sarafu imeganda kwenye sumaku.

"Baba, hii ya wapi?"

Upande mmoja ina ua la krisanthemu, upande wa pili tarakimu 1. Yuan moja ya Uchina. Nikamwambia ni hela ya Wachina, nikadhani yameisha. Akaniuliza kwa nini imekaa na misumari badala ya kukaa na hela. Hapo ndipo nilipotulia, maana sijawahi kuiweka na hela, na sijawahi kumwambia mtu kwa nini.

Mwezi wa tatu mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi Xiamen, mji wa pwani ya Uchina, nina miezi sita ya Kichina kichwani na koti moja lisilokauka. Mvua ya rasharasha ilikuwa haikatiki. Jumamosi moja yule Mganda wangu wa chumbani akasema twende ngomeni, ni aibu kuishi jirani na mahali ambapo watu wanapanda ndege kuja kupaona. Ngome ya Hulishan iko pale pale ukitoka chuoni, unafuata barabara ya ufukweni, bahari iko kushoto au kulia kutegemea umetokea lango lipi. Sisi tulipotea kwanza.

Ya ndani nitayapitisha haraka. Kuna vijana waliovaa sare za askari wa enzi za wafalme wa Qing, wanapiga kwata, wanawasha kizinga kidogo, kinalia puu, watu wanapiga makofi. Kuna maduka ya sumaku za kubandika kwenye friji. Na kuna foleni mbili za kupiga picha: ya kwanza ya mzinga mkubwa, ya pili yangu mimi na Mganda. Tulishazoea. Unaitwa, unasimama, unanyoosha vidole viwili, unaachiwa. Mwenzangu alikuwa akisema tungetoza yuan tanotano tungelipa karo.

Kilichonifurahisha ni maelezo ya kuta. Chokaa, mchanga, udongo, na humo ndani wamechanganya wali wa kunata na sukari guru. Nilirudia kuyasoma nikidhani Kichina changu kimeniangusha. Kwetu Pangani bibi alinisimulia kwamba chini ya nguzo za Boma walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lisimame, na ndiyo maana hadi leo siziegemei nguzo za lile jengo. Hapa ukuta umelishwa wali. Nikauegemea bila wasiwasi.

Mzinga wenyewe ni wa kampuni ya Krupp, umetengenezwa Ujerumani mwaka 1893. Ngome ikaanza kujengwa 1894, ikamalizika 1896. Mdomo wake ni sentimita 28, urefu unakaribia mita 14. Niliupima kwa hatua nikapata kumi na saba, kwa kuwa nilikuwa nakwepa watoto. Nikaweka kiganja kwenye mtutu. Ulikuwa wa baridi na umelowa, na mimi mtoto wa Pangani nikawa nafikiria mambo ya kwetu. Mwaka 1888 Zelewski, yule Mjerumani ambaye wazee walimwita Nyundo, alipandisha bendera ya kampuni yake Pangani na vita vikazuka pwani nzima. Mwezi wa kumi na mbili 1889 wakamnyonga Abushiri, aliyeviongoza vita hivyo, hapo hapo Pangani. Miaka minne mbele, Wajerumani hao hao wanamfulia Mchina chuma cha kuwazuia wageni wasiingie kwa nguvu. Na mwaka 1897, ngome haijatimiza hata miaka miwili, wakaingia wao wenyewe kwa nguvu, kaskazini huko, wakachukua ghuba ya Jiaozhou ilipo Qingdao. Biashara haina macho. Hayo nilimweleza Mganda, akasema ana njaa.

Mizinga mikubwa ya namna hiyo ilikuwa miwili. Wa pili uliyeyushwa mwaka 1958, kwenye ile kampeni ya kufua chuma ambayo watu walitia tanuruni mpaka masufuria ya jikoni. Uushike mwaka huo.

Mwenzangu akaenda kutafuta tambi. Mimi nikapanda juu, kwenye uwazi unaotazama bahari, ambako kuna darubini za kulipia, zile za kusimama kwenye mguu wa chuma. Unatia sarafu, kunalia kitu ndani kama kufuli, kioo kinafunguka, unatazama kwa dakika chache, kinajifunga. Watu wanatazama visiwa vya ng'ambo, vya Kinmen na vile vidogo vilivyo mbele yake. Viko kilomita chache tu, lakini vinatawaliwa kutoka Taiwan. Siku ya jua, wanasema, unasoma hata maandishi makubwa yaliyopachikwa kwenye kisiwa kimoja kuelekea upande huu, na upande huu nao kuna yake yanayoelekea kule. Kila mmoja anamwambia mwenzake namna nchi itakavyoungana, kwa masharti yake.

Siku hiyo jua halikuwepo. Bahari na mbingu zilikuwa rangi moja, rangi ya maji ya kuoshea mchele.

Kando ya darubini ya mwisho alikuwa amekaa mzee. Kofia ya kitambaa, koti la bluu lililopauka mabegani, mfuko wa plastiki wenye chungwa moja. Nilipofika karibu akanyanyuka. Mimi nikajua tayari, nikajipanga: nikarekebisha ukosi, nikasogea ili ngome ionekane nyuma yangu, nikanyoosha vidole viwili. Mzee akavitazama vidole vyangu. Kisha akanyoosha mkono wake, na kiganjani mlikuwa na sarafu.

Hakutaka picha. Nikashusha vidole polepole, kama mtu aliyekuwa akijikuna.

Akaonyesha darubini, akanionyesha mimi, akagusa jicho lake la kulia. Lilikuwa jeupe kama limemwagiwa maziwa. La kushoto halikuwa na hali nzuri sana. Mtoto wa jicho, yote mawili. Akasema neno refu kwa lugha ya kwao, ile ya Wafujian, ambayo sikuambulia hata silabi. Akaona nimekodoa. Akaanza upya kwa Kichina cha shuleni, taratibu, kama anamsemesha mtoto, na kwa Kichina hicho mimi nilikuwa mtoto kweli.

"You ren ma?"

Wapo watu?

Lilikuwa swali la somo la tatu kitabuni. Unaligonga mlangoni kabla ya kuingia. Nikashika sarafu, ilikuwa na joto la mkono wake, nikaitia kwenye tundu. Kufuli likalia. Nikainama.

Nieleze nilichokiona, kwa kuwa hicho ndicho kimenikaa. Kwanza kope zangu mwenyewe. Halafu ukungu. Nikaisogeza darubini kushoto, ukungu. Kulia, mstari mweusi, labda mwamba, labda boti ya wavuvi, labda uchafu kwenye kioo, kwa kuwa nilipoisogeza na wenyewe ulisogea. Nikaurudia ule mstari, nikaukazia macho mpaka machozi yakanilenga. Kwa muda wa pumzi moja ukungu ulipungua, kikatokea kitu kama bega la mlima, kijani kilichofifia, kisha kikafunikwa. Nyumba sikuona. Maandishi sikuona. Mtu sikumwona.

Nyuma yangu mzee akarudia. "You ren ma?"

Kichina hakina "ndiyo" ya kwenda nayo kila mahali. Unaulizwa kwa kitenzi, unajibu kwa kitenzi hicho hicho. Ningetaka kusema hapana, ilinibidi nieleze ukungu, na neno la ukungu sikuwa nalo. Ningetaka kusema wapo, ni silabi moja.

"You," nikasema.

Naapa ilikuwa uvivu wa lugha zaidi ya kitu kingine. Au hivyo ndivyo nilivyojiambia kwa miaka.

Mzee akasogea mpaka nikasikia harufu ya ganda la chungwa. "Duoshao?"

Wangapi. Jamani. Ningesema wawili angeniuliza wanafanya nini. Nikasema "hen duo", wengi. Na bado nimeinama, jicho kwenye kioo, naogopa kugeuka, natazama weupe mtupu na kuujaza watu. Kufuli likalia tena, kioo kikajifunga, kukawa giza.

Nilipogeuka alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa ameielekea bahari, mdomo wake unacheza kidogo, kama anahesabu au anasoma dua. Hakutabasamu. Nilitegemea tabasamu, nilidhani ndilo nililomnunulia. Akaingiza mkono mfukoni, akapapasa kwa muda, akatoa sarafu ya pili, akanitilia kiganjani na kuvifunga vidole vyangu kwa mkono wake. Tazama tena.

Mwenzangu akaniita kutoka chini, tambi zimepatikana. Nikamwambia mzee "yeye", yaani babu kwa Kichina, ngoja kidogo. Nikashuka ngazi. Sikupanda tena. Tulikula, mvua ikachanganya, tukakimbilia basi. Sarafu niliiona usiku nilipovua suruali.

Wiki iliyofuata nilimuuliza mwalimu wetu kuhusu visiwa vile. Alikuwa mama mtaratibu, alifunga mlango wa darasa kwanza, sidhani kwa sababu ya siri, kulikuwa na upepo. Akaanzia 1949, jeshi la Chiang Kai-shek, lililoshindwa na Wakomunisti, lilipokimbilia Taiwan na kuving'ang'ania visiwa hivyo vilivyo mlangoni pa bara. Akafika tarehe 23 Agosti 1958, makombora yalipoanza kurushwa kutoka upande huu kwenda Kinmen, mfululizo kwa wiki sita hivi. Baadaye ikawa zamu: tarehe za witiri wanapiga, za shufwa wanapumzika. Tarehe 1, 3, 5, mzinga. Tarehe 2, 4, 6, watu watoke wakachote maji, wakalime. Miaka ilivyokwenda, makombora mengi yakawa yamebeba vikaratasi vya propaganda tu, lakini ganda la chuma linaanguka vile vile. Yakakoma tarehe 1 Januari 1979. Kule Kinmen wahunzi waliokota vyuma hivyo wakafua visu vya jikoni, na wanaviuza mpaka leo. Unakata kitunguu kwa kombora.

Nikamwambia habari za mzee, nikiruka ile sehemu yangu. Akasema bila shaka ana ndugu kule, familia nyingi ziligawanyika: mtu alivuka kwenda kuuza samaki asubuhi, jioni bahari ikawa mpaka. Nikaridhika na hilo. Nilitembea nalo muda mrefu, nikajiona nimemfariji mzee wa watu. Mpaka nilipojua kwamba boti za abiria kati ya Xiamen na Kinmen zilikuwa zimeanza tangu Januari 2001. Miaka kumi kabla ya siku ile. Mzee mwenye ndugu kule angetafuta njia ya kupanda boti, hata kwa kushikwa mkono, badala ya kumpa mgeni sarafu kwenye ukungu.

Nauli labda. Au vibali. Au ndugu walishakufa.

Au nimpigie hesabu. Kwa kumtazama alikuwa na miaka kama sabini na mitano. Basi mwaka 1958 alikuwa kijana wa ishirini na mbili hivi, umri wa kuandikishwa, na kwenye fukwe zile waliokuwa wakisimama nyuma ya mizinga tarehe za witiri walikuwa vijana wa umri huo. Wazo hili lilinijia Dar, niko kwenye daladala Mwenge, halina ushahidi wowote na sijaweza kulifukuza. Maana mtu wa namna hiyo akiuliza kama wapo watu, na mimi nikamwambia wapo, wengi, sijui nilimpa nini. Pengine nafuu. Pengine nilimpakulia yale aliyokuwa akija pale kuomba yasiwe kweli. Mdomo ule uliokuwa ukicheza nimeurudia mara nyingi, na kila mara unahesabu kitu kingine.

Nilimsimulia binti yangu kwa ufupi, gizani, nikaacha mambo ya vita, nikabakiza mzee, darubini na ukungu. Nilitegemea aniulize kwa nini nilidanganya. Nilikuwa hata na jibu. Yeye akawa anaibandua sarafu kwenye sumaku na kuiachia inase, anaibandua na kuiachia.

"Alikupa hii utazame tena?"

"Ndiyo."

"Na hukutazama?"

"Sikutazama."

"Kwa hiyo hii umeiba."

Nikamwambia hapana. Nikafikiri kidogo. Nikamwambia arudishe sumaku ya watu kwenye redio.